Kukandamiza, kujaza jeraha au kufunga tonikwiti: uchague ipi kabla majeruhi hajaingia kwenye mshtuko

Mtu akikatika mshipa mkubwa, wanaomzunguka huanza kubishana. Mmoja anasema kandamiza. Mwingine anatafuta mkanda wa kufunga juu ya jeraha. Wa tatu anakataa katakata, akiogopa kwamba mkanda huo utasababisha majeruhi akatwe mguu. Ubishi wa dakika tatu unaweza kuamua kila kitu, kwa sababu mshipa mkubwa wa paja ukikatwa kabisa unaweza kummaliza mtu mzima katika dakika chache.

Hapa nalinganisha njia tatu za kuzuia damu ambazo mtu asiye mganga anaweza kuzitumia: kukandamiza jeraha kwa mikono, kujaza jeraha kwa gozi (kitambaa chepesi cha hospitali cha kufungia vidonda) au kitambaa kingine, na kufunga tonikwiti, yaani mkanda mpana unaokazwa kwa kijiti juu ya jeraha ili damu isifike pale. Zote tatu zinaokoa maisha na kila moja ina mahali pake. Tatizo ni kwamba wengi huchagua ile isiyowatisha, wakati kinachopaswa kuamua ni damu inatoka wapi na kwa kasi gani.

## Kwanza, ujue una muda kiasi gani

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya takribani lita 5. Mshtuko wa kupoteza damu ni hali ambayo damu iliyobaki kwenye mzunguko haitoshi tena kupeleka oksijeni kwenye ubongo, moyo, figo na viungo vingine. Kabla ya kufika huko mwili hupigana. Moyo huongeza kasi, na mishipa midogo ya ngozi, ya mikono na ya miguu hujibana ili damu kidogo iliyopo iende kwenye viungo visivyoweza kusubiri. Ndiyo maana mikono ya majeruhi inakuwa ya baridi na yenye unyevunyevu, na jasho linamtoka hata mahali pasipo na joto.

Madaktari hugawa upotevu wa damu katika ngazi nne. Akipoteza chini ya asilimia 15, yaani hadi mililita 750 hivi, huenda usione chochote zaidi ya wasiwasi kidogo. Kati ya asilimia 15 na 30 mapigo ya moyo hupita 100 kwa dakika, pumzi huongezeka, na majeruhi anahangaika. Kati ya asilimia 30 na 40, karibu lita moja na nusu hadi mbili, mapigo hupita 120, presha inashuka waziwazi na maneno yake yanaanza kupotea mwelekeo. Akipita asilimia 40 anasinzia, kisha fahamu zinamtoka.

Rudia kusoma ngazi ya pili na ya tatu. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu huku presha yake ikisomeka vizuri. Anayengoja kipimo cha presha kishuke ndipo aamini kwamba hali ni mbaya, amekwisha chelewa. Mipaka hiyo nayo si sawa kwa kila mtu. Watoto na vijana wenye afya hushikilia presha muda mrefu, halafu inaanguka ghafla. Mjamzito katika miezi ya mwisho ana damu nyingi kuliko kawaida, ongezeko la karibu nusu, kwa hiyo anaweza kupoteza nyingi kabla dalili hazijajitokeza. Mzee anayetumia dawa za presha za kundi la beta-bloka anaweza kubaki na mapigo ya taratibu hata akiwa hatarini, kwa kuwa dawa hiyo inauzuia moyo kukimbia.

Kipimo rahisi ni hiki: bonyeza ukucha wa kidole cha majeruhi kwa sekunde tano, kisha uachie. Rangi ya nyama iliyo chini ya ukucha inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, na mkono ni wa baridi, na mapigo kwenye kifundo cha mkono ni membamba na ya haraka, mshtuko umeanza. Usikitegemee peke yake ikiwa majeruhi amekaa kwenye baridi kali. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi usitafute weupe usoni. Vuta mdomo wa chini utazame kwa ndani, tazama ufizi, tazama ndani ya kope la chini, tazama viganja.

Utafiti mmoja naona kila mtu angepaswa kuujua. Mwaka 2006 madaktari wa hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad walifuatilia majeruhi 232 waliofungwa tonikwiti. Uhai wa majeruhi ulitegemea sana wakati wa kufunga: pale tonikwiti ilipofungwa kabla ya mshtuko, asilimia 90 walipona, na pale ilipofungwa mshtuko ukiwa umekwisha ingia, asilimia 10 tu. Hakuna kiungo hata kimoja kilichopotea kwa sababu ya tonikwiti yenyewe. Kwa hiyo dalili za mshtuko nilizozieleza zinakusaidia kujua hali ya majeruhi, ila uamuzi wa kuzuia damu uufanye kwa kuitazama damu. Ikiruka, ikimwagika bila kukoma, ikituama chini, ikilowesha nguo chepechepe, au kiungo kikiwa kimekatika, anza hapo hapo hata kama majeruhi anaongea na kukuambia yuko sawa.

## Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano kwa kila njia: mahali inapofaa, kasi na nguvu yake ya kusimamisha damu, vifaa na mikono inayohitaji, ujuzi unaotakiwa, na madhara yake ikikosewa au ikikaa muda mrefu. Kati ya hivyo, mahali pa jeraha ndicho kigezo kizito kuliko vingine vyote. Nje ya mahali pake, hata njia yenye nguvu zaidi haina kazi.

## Kukandamiza kwa mikono

Mahali. Karibu kila sehemu unayoweza kuifikia: mikono, miguu, ngozi ya kichwa kama fuvu halijabonyea, uso, na upande mmoja wa shingo. Haifikii damu inayovuja ndani ya kifua au tumbo. Kama kuna kisu, chuma au kipande cha kioo kilichobaki mwilini, usikichomoe. Kandamiza pembeni mwake.

Kasi na nguvu. Inaanza sekunde ileile unapofika, na hapo hakuna njia inayoishinda. Majeraha mengi yanayotoka damu husimama kwa njia hii peke yake, ila ikifanywa sawasawa, na mara nyingi haifanywi sawasawa. Kuweka kitambaa na kukishikilia kwa vidole si kukandamiza. Pasua nguo uone tundu lenyewe linalotoa damu. Weka kitambaa safi juu yake, weka kiganja, kisha kiganja cha pili juu ya cha kwanza, nyoosha viwiko na uuegemeze uzito wa kifua chako hapo. Majeruhi alale juu ya kitu kigumu, kwa maana godoro litakula nguvu yako yote. Halafu kaa hapo dakika kumi bila kuchungulia. Tumia saa, kwa sababu ukiwa umeinama juu ya damu ya mtu, dakika mbili huonekana kama kumi.

Damu ikipenya kitambaa, ongeza kingine juu na uzidishe nguvu. Ikipenya tena, uwezekano mkubwa ni kwamba mikono yako haijakaa juu ya mshipa wenyewe. Ondoa vyote, tafuta tundu, anza upya palepale linapotoa. Kurundika vitambaa bila mwisho kunaficha damu tu, na rundo nene linatawanya nguvu ya mikono.

Vifaa na mikono. Kitambaa chochote safi kinatosha, na kikikosekana kiganja chenyewe kitatosha. Kama una glavu au mfuko wa plastiki wa kuvalisha mkono, jikinge. Gharama yake ni mikono yako miwili: ukiwa peke yako huwezi kupiga simu, kumfunika majeruhi wala kumsogeza. Damu ikipungua unaweza kufunga bendeji ya kubana juu ya kitambaa ili mikono ipumzike, kisha uchunguze kama vidole vilivyo mbele yake vina joto na hisia.

Ujuzi. Mdogo sana. Mtoto mkubwa anayeelekezwa kwa utulivu anaweza kuifanya.

Madhara. Karibu hakuna zaidi ya maumivu. Hatari iko kwa mkandamizaji: anachoka, anaachia mapema, au anachungulia na kung'oa damu iliyokuwa inaanza kuganda. Shingoni usikandamize pande zote mbili kwa pamoja, wala usibane koo.

Inamfaa nani. Aliye mikono mitupu, aliye na msaidizi wa kupokezana naye, na yeyote asiyejua bado jeraha ni kubwa kiasi gani. Hata ukishaamua kutumia njia nyingine, kandamiza wakati kifaa kinatafutwa.

## Kujaza jeraha

Mahali. Sehemu zenye nyama na kina ambako mkanda hauwezi kuzunguka: kinena, kwapa, bega, makalio, na sehemu ya chini ya shingo. Kwenye mkono au mguu inafaa pia kama huna tonikwiti. Haitumiki kwenye kifua, tumbo, fuvu wala jicho. Ndani ya kifua na tumbo kuna nafasi wazi, kwa hiyo gozi litamezwa bila kuubana mshipa wowote, na unaweza kuumiza viungo vilivyomo.

Kasi na nguvu. Ni ya taratibu kuliko nyingine mbili, ila kwa jeraha la kinena ndiyo njia pekee yenye matumaini mikononi mwa raia. Watu hufikiri kazi ya gozi ni kunyonya damu. Kazi yake hapa ni kupeleka nguvu ya mikono yako mpaka chini, kwenye ukuta wa mshipa uliokatika. Gozi lililotumbukizwa kwa kulegea halifanyi hivyo.

Inafanyika hivi. Futa dimbwi la damu lililojaa kwenye jeraha ili uone. Ingiza kidole mpaka chini, utafute mahali unapohisi damu ya moto ikikisukuma. Kidole kikishapaziba, usikitoe. Kwa mkono wa pili sukuma ncha ya gozi mpaka iguse kidole hicho, kibadilishe na kidole kingine kikiwa kimeshikilia gozi, ongeza mkunjo mwingine, bonyeza, ongeza tena. Kidole kimoja kinashikilia daima wakati kingine kinaleta. Utashangaa ni gozi nyingi kiasi gani zinaingia kwenye jeraha linaloonekana dogo kwa nje. Endelea mpaka lishindwe kupokea zaidi na gozi litokeze juu ya ngozi, kisha kandamiza kwa uzito wako wote. Gozi lenye dawa ya kugandisha damu, kama kaolini au kaitosani, lipe angalau dakika tatu. La kawaida lipe dakika kumi. Mwishoni funga bendeji ya kubana juu yake.

Vifaa na mikono. Gozi refu la kukunjuka ni bora, na lenye dawa ni bora zaidi. Likikosekana, shati safi lililochanwa vipande virefu litafanya kazi. Mikono yote miwili inashughulika mpaka mwisho.

Ujuzi. Wa kati, na sehemu ngumu iko rohoni. Majeruhi atapiga kelele, na silika yako itakuambia utoe kidole. Nashauri kila mtu aijaribu njia hii mara moja kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza isiwe siku mtu anakufa mbele yako.

Madhara. Uchafu unaweza kuingia, lakini maambukizi yanatibika hospitalini na kifo hakitibiki. Kuwa mwangalifu na ncha za mfupa uliovunjika, zinaweza kukukata. Ukishajaza, usilitoe gozi hata damu ikiwa imesimama. Hilo ni la chumba cha upasuaji, na uwaambie wauguzi umeingiza vipande vingapi ili kisisahaulike kimoja.

Inamfaa nani. Aliyefundishwa, au yeyote anayekabili jeraha la kinena, kwapa au bega ambalo kukandamiza juujuu kumeshindwa.

## Kufunga tonikwiti

Mahali. Mikono na miguu tu. Iweke sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, upande wa mwili, na usiiweke kwenye kiungio chenyewe cha goti wala cha kiwiko. Kama ni usiku, au nguo zimelowa na huoni damu inatoka wapi, iweke juu kabisa ya paja au mkono, hata juu ya nguo, baada ya kutoa kilichomo mifukoni.

Kasi na nguvu. Kwa aliyezoea ni suala la sekunde kadhaa, na kwa damu ya ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, kwenye kiungo haina mpinzani. Mwaka 2020 ILCOR, jopo la kimataifa linalopitia ushahidi wa huduma ya kwanza, lilipendekeza tonikwiti kuliko kukandamiza peke yake pale damu ya mkono au mguu inapotishia maisha. Ni mabadiliko makubwa. Vitabu vya zamani viliiita chaguo la mwisho kabisa, na hofu wanayoisikia watu mpaka leo imetoka humo. Vita vya Iraq na Afghanistan ndivyo vilivyoirudisha.

Kaza mpaka damu isimame na mapigo upande wa mbele ya mkanda yapotee. Ukikaza nusunusu, unakuwa umefunga mishipa ya vena inayorudisha damu na kuiacha ateri inayoileta ikiendelea kupiga. Kiungo kinavimba na jeraha linatoa damu nyingi zaidi ya mwanzo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu tonikwiti iliyokazwa sawasawa inauma vibaya. Majeruhi atakusihi ulegeze. Mwambie, "Najua inauma, ndiyo inayokuweka hai," na ushikilie kijiti. Ikiwa damu bado inatoka baada ya kukaza kikomo, funga ya pili kando ya ile ya kwanza, upande wa mwili.

Vifaa na mikono. Iliyotengenezwa kiwandani inashinda ya kubuni kwa mbali, na ikishafungwa mikono yako iko huru. Angalia ubora unaponunua, maana za bandia zipo na kijiti chake huvunjika wakati wa kukaza. Ukilazimika kubuni, tafuta kitambaa kigumu chenye upana wa angalau sentimita 5, kizungushe, piga fundo, weka kijiti kisichopinda, piga fundo jingine juu yake, zungusha mpaka damu ikome, halafu kifunge kijiti kisirudi. Waya, kamba nyembamba na kebo hukata nyama na neva. Mkanda wa suruali kwa kawaida ni mgumu mno kusokoteka. Baada ya milipuko ya mbio za Boston mwaka 2013, madaktari walikuta kwamba tonikwiti zilizofungwa na watu eneo la tukio zilikuwa za kubuni, na wakaonya kwamba za namna hiyo mara nyingi hubana vena bila kuizuia ateri. Bila kijiti cha kukazia, kitambaa kilichofungwa tu ni karibu sawa na kutofunga.

Ujuzi. Wa kati kwa iliyotengenezwa, mkubwa kwa ya kubuni.

Madhara. Ndani ya saa mbili kwa kawaida kiungo hustahimili. Kadiri muda unavyozidi hapo, neva na misuli huanza kuharibika, na ikipita saa sita uwezekano wa kiungo kukatwa ni mkubwa. Andika saa uliyofunga, juu ya mkanda au kwenye paji la uso la majeruhi, na uiache tonikwiti wazi ionekane. Usiilegeze kila baada ya muda ili mguu upate damu, kama ilivyofundishwa zamani. Kila ukilegeza, damu iliyoganda inabanduka na majeruhi anapoteza nyingine asiyo nayo.

Inamfaa nani. Anayekabili damu inayoruka au kiungo kilichokatika, aliye peke yake na majeruhi, mwenye majeruhi zaidi ya mmoja, na mwenye jeraha mwenyewe anayelazimika kujifunga.

## Ambapo hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa

Mtu aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari anaweza kuwa na dalili zote za mshtuko bila tone la damu kuonekana nje. Damu iko tumboni, kifuani, kwenye nyonga au ndani ya paja lililovunjika. Mwanamke mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, mrija ukipasuka, hupitia hayohayo. Hapa mikono yako haiwezi kufika, na dalili za mshtuko ndizo pekee unazo. Dawa ni kumfikisha penye damu ya kuongezwa na daktari wa upasuaji.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua nako kuna njia zake. Kizazi kilicholegea husuguliwa kwa mkono juu ya tumbo, chini ya kitovu, mpaka kihisike kigumu, mtoto ananyonyeshwa, mama anasaidiwa kukojoa, na safari ya hospitali inaanza bila kungoja, maana huko kuna dawa za kukikaza kizazi.

Saa ya kuumia iandikwe pia. Utafiti wa CRASH-2 uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke, inapunguza vifo vya wanaotokwa damu. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba inafaa ikitolewa ndani ya saa tatu, na baada ya hapo inaweza kudhuru. Hospitali haiwezi kujua saa hizo tatu zinaisha lini usipowaambia ajali ilitokea saa ngapi.

Njia yoyote utakayochagua, mlaze majeruhi chali na umfunike, chini na juu. Vua nguo zilizolowa. Mwili ukipoa, damu inashindwa kuganda, na damu isiyoganda inazidi kutoka na kuupoza mwili zaidi, hivyo blanketi ni sehemu ya matibabu. Kuinua miguu kunaweza kusaidia kwa dakika chache tu, na usifanye hivyo kama kuna shaka ya kuumia nyonga, mgongo au mguu wenyewe. Mjamzito wa miezi ya mwisho alazwe ubavu wa kushoto. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi. Majeruhi atalalamika kiu kali. Usimpe maji, chai wala chakula, kwa kuwa huenda akaingia kwenye upasuaji muda si mrefu. Lowesha midomo yake kwa kitambaa.

## Uchague ipi kwa hali uliyonayo

Damu inatoka mkononi au mguuni kwa kuruka, au kiungo kimekatika, na tonikwiti ipo: ifunge kwanza, maswali baadaye. Kama haipo lakini mko wawili, mmoja akandamize kwa uzito wote huku mwingine akitengeneza ya kubuni au akiandaa gozi la kujaza. Binafsi, kama jeraha lina kina na sina kijiti kigumu, ningejaza na kukandamiza kuliko kufunga kitambaa kisichokaza.

Damu inatoka mkononi au mguuni kwa kuchuruzika, si kwa kuruka: kandamiza dakika kumi, kisha bendeji ya kubana. Tonikwiti iwe karibu, na uifunge mara tu ukiona kukandamiza kunashindwa.

Jeraha la kinena, kwapa au bega: kandamiza mara moja, gozi likipatikana jaza, kisha rudi kukandamiza mpaka mfike hospitali. Usipoteze muda kujaribu kuzungushia mkanda.

Kichwani au usoni: kandamiza tu, ila si pale unapohisi fuvu limebonyea. Kifuani: usijaze, na kama tundu linavuta hewa usilizibe pande zote kwa kitu kisichopitisha hewa. Tumboni: funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, na utumbo uliotoka nje usiurudishe ndani.

Uko peke yako na majeruhi wa mguu, na simu iko mbali: funga tonikwiti, kisha piga namba ya dharura ukiwa umeiweka kwenye spika. Kama jeraha liko mahali pasipofungika, piga kelele ya msaada huku ukikandamiza, na umwelekeze wa kwanza kutokea apige simu badala ya kukupokea mikono.

Msaada uko umbali wa zaidi ya saa mbili: bado funga tonikwiti kama damu inatishia maisha. Kuibadilisha kwa bendeji ya kubana kunawezekana mikononi mwa mtu aliyefundishwa, kama majeruhi hayuko kwenye mshtuko, kiungo hakijakatika, na jeraha linaweza kutazamwa wakati wote. Asiyefundishwa aiache ilivyo na aharakishe usafiri.

Unaandaa mfuko wa huduma ya kwanza wa gari, karakana au shule na fedha hazitoshi kila kitu: nunua gozi za kutosha na bendeji za kubana, kwa sababu zinafaa mahali pengi. Penye misumeno, mashine za kukata au safari ndefu za barabarani, ongeza tonikwiti halisi, na uitoe kwenye plastiki mapema. Anayefanya kazi hapo aifunge juu ya paja lake mwenyewe mara kadhaa, bila kukaza kabisa, mpaka mikono iweze kuifunga gizani.

Ukimkabidhi majeruhi, sema mambo manne kwa mpangilio: ameumia saa ngapi, damu ilitoka wapi na kwa kadirio gani, umefanya nini na saa ngapi, na fahamu zake zilikuwaje ulipomkuta ukilinganisha na sasa.